Gari la Miezi Michache

Siku ile tulikuwa watu sita. Nilikuwapo mimi, kifungua mimba. Alikuwapo mdogo wangu wa kike anayenifuata, karani katika duka la mbolea mjini. Alikuwapo kitinda mimba wetu, kijana wa miaka ishirini na minne, ambaye gari lilikuwa linatafutwa kwa ajili yake. Alikuwapo fundi aliyemfundisha kazi ya gereji na kumwandika kabla hajaugua. Alikuwapo broka wa magari wa upande wa Pioneer, mtu wa koti la ngozi na maneno mengi. Na mchana alikuwapo mama mjane wa Elgon View. Kati ya hao sita, watano tuko hai.

Tulihitaji gari kwa sababu ya pikipiki. Figo za mdogo wangu wa kiume zilikuwa zimekufa zote mbili, na kila Jumanne na Ijumaa alienda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Kutoka kwetu Kimumu tulikuwa tukipanda boda boda watu watatu: mwendeshaji mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiunoni. Kwenda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi. Mtu akitoka kwenye ile mashine hana nguvu, kichwa kinamzunguka, misuli ya miguu inamkaza. Ijumaa moja alilegea mikononi mwangu ghafla, nikashindwa kumzuia, tukaanguka sote wawili kwenye changarawe. Alichubuka goti na kiganja, si zaidi. Lakini alipopata fahamu, neno lake la kwanza lilikuwa kumwomba mwendeshaji msamaha kwa kumchelewesha. Nilipomsikia anaomba msamaha, nikasema moyoni kwamba hatapanda tena pikipiki.

Nilikuwa na shilingi elfu tisini. Mimi hufuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Niliacha masomo kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba, na jirani aliyekuwa na mashine mbili akanifundisha. Kwa hiyo nimewafumia watoto wa watu sweta za shule nyingi kuliko siku nilizosoma mimi. Wadogo zangu wote wawili walimaliza kidato cha nne. Zile elfu tisini zilikuwa akiba ya kununua mashine ya pili.

Kulikuwa na jambo jingine nililolijua peke yangu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo daktari aliniita nje ya wodi, tukasimama karibu na dirisha, akaniambia kwamba moyo wa mdogo wangu ulikuwa umechoka sana. Hata kama figo ingepatikana, hakuna daktari angekubali kumpasua. Nikamuuliza ni muda gani. Akatazama viatu vyake, akasema, "Hapa tuhesabu miezi, Mama. Tusihesabu miaka."

Sikumwambia mtu. Niliporudi ndani mdogo wangu aliniuliza tulikuwa tukiongea nini, nikasema ni habari ya dawa. Mdogo wangu wa kike aliponiuliza jioni, nikamjibu hivyo hivyo. Nilizoea hivyo tangu utotoni. Unga ukiisha nilikuwa nikisema nimeshiba.

Lakini gari si unga. Gari unalomnunulia mtu atakayepona si lile unalomnunulia mtu asiyepona, na yule niliyekuwa nikimficha alikuwa mtu wa magari. Angenisoma kwenye gari nitakalolichagua. Ndiyo maana niliamka siku hiyo nikiwa nimeamua: tutanunua gari zuri, la kukaa miaka, hata kama itabidi niuze mashine yangu ya sweta na kukopa juu yake.

Kwa broka tulifika saa tatu asubuhi. Gari lilikuwa limeoshwa hadi tairi zinang'aa. Kabla hatujasalimiana vizuri, mdogo wangu alienda polepole akaweka kiganja chake juu ya boneti.

"Hili limeamka kabla yetu," akasema.

Broka akacheka. "Kijana, kwani wewe umeamka saa hizi? Si na wewe uko moto?"

"Mimi siuzwi," mdogo wangu akamjibu, na fundi akacheka mpaka akashika kiuno.

Baadaye walinieleza. Asubuhi za Eldoret ni baridi, na injini mbovu hujionyesha ikiwa baridi. Muuzaji mjanja huliwasha gari mapema ili mnunuzi alikute limeshapata joto. Fundi akasema tutangoja lipoe. Tukangoja zaidi ya saa moja kwenye kibanda cha chai. Mdogo wangu aliagiza kikombe kama sisi, akanywa mara mbili tu, akakisukuma kwangu, kwa sababu maji yake ya siku nzima yalipimwa kwa kikombe kidogo. Broka alikuja mara tatu kutuambia kuna mteja mwingine yuko njiani.

Gari lilipopoa, liliwaka kwa mguso wa kwanza. Kusema ukweli lilikuwa gari zuri. Fundi alilala chini yake, akachomoa kijiti cha oili, akalizungusha mpaka barabarani na kulirudisha, asipate la kulaumu. Bei ilikuwa laki tatu kasoro kidogo. Mdogo wangu wa kike alifurahi kuliko sote. Alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, akisema kitinda mimba wetu akipona atalifanyia teksi, litajilipa lenyewe. Nikamwambia broka kwamba tutalichukua, anipe mpaka Jumatatu nitafute pesa. Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa akinitazama.

Ni fundi aliyesema kwamba kuna gari jingine, la bei rahisi, Elgon View, ila lina tatizo la makaratasi. Nikamwambia haina haja. Mdogo wangu akasema, "Tulione tu." Broka akatukunjia mdomo na kutuambia twende tukaone vyuma vya kupima kwa kilo, tutarudi kwake tukikimbia.

Mama wa Elgon View alitufungulia geti mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mwenye kitambaa kichwani na sweta juu ya sweta, aliyekuja Eldoret na mumewe miaka mingi iliyopita wakafungua duka la vyakula. Mume alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya siku hiyo. Gari lake lilikuwa kwenye banda, limefunikwa shuka ya kitanda yenye maua. Tulipoiondoa shuka tukaona saluni nyeupe ya zamani, kutu kwenye milango ya chini, redio ya kanda, na ndani yake mito miwili iliyofumwa kwa uzi wa kijani.

Mdogo wangu akaweka kiganja kwenye boneti. "Baridi," akasema. "Mama hajatudanganya."

Liliwaka mara ya tatu. Lilitoa moshi wa samawati, likakohoa, kisha likatulia. Fundi na mdogo wangu waliinamisha vichwa vyao pamoja juu ya injini, wakasikiliza bila kusemezana kwa muda mrefu, kama watu walio kanisani. Halafu fundi akaniambia yaliyokuwapo. Linakunywa oili. Gia ya pili haikai bila kushikiliwa kwa mkono. Ni gari la kuzungukia mjini tu, nisithubutu kulitoa kwenda Nakuru wala Kitale. Na kitabu cha gari bado kina jina la marehemu.

Hilo la mwisho hakuhitaji kutueleza. Ploti yetu ya Kimumu bado ina jina la baba mpaka leo. Nimepanga foleni kwa chifu, nimepanga foleni kortini, nimepiga picha za pasipoti mpaka mwenye studio akanifahamu, na bado kila mara kuna karatasi moja imepungua. Mama yule alisema watoto wake wako nje ya nchi, wote lazima watie sahihi, na hawajapata nafasi. Alisema akitazama chini. Nilimwelewa kabisa. Gari la marehemu unaweza kuliendesha, unaweza kulilipia bima, lakini haliwi lako, na siku ukitaka kuliuza huna karatasi ya kumwonyesha mnunuzi. Ndiyo maana lilikuwa rahisi: laki moja na nusu.

Mdogo wangu wa kike alikataa pale pale. Alisema hatuwezi kununua gari ambalo halitakuwa letu, tumechoka na mali za majina ya waliokufa. Mama akaingia ndani kutuletea uji, nadhani ili asiendelee kusikia.

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa. "Mimi niambieni kitu kimoja tu," akasema. "Mnataka gari litembee mpaka lini?"

Wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Miaka mitano. Au zaidi."

"Basi turudi kwa broka."

Mdogo wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, akajishika kwenye mlango. Alipotulia aliingia kwenye kiti cha dereva, akanifungulia mlango wa upande wa pili kutoka ndani. "Mathe, ingia," akasema. Aliniita Mathe, yaani mama, tangu akiwa mdogo, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. "Hawa wengine wangoje uji."

Nikaingia. Akapandisha vioo. Ndani kulinukia vumbi na sabuni ya zamani.

"Daktari alikwambia nini?"

"Si nilikwambia. Ni dawa."

"Mathe. Nimekaa na mabroka miaka minne. Mtu akinidanganya namjua." Hakuwa amekasirika. "Wewe unagombania shilingi tano za sukuma wiki mpaka mama mboga anakukimbia. Leo yule jamaa ametaja karibu laki tatu, na wewe hukuomba apunguze hata mia."

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimefikiria kabisa kuomba kupunguziwa. Nilikuwa nimejiandaa kuficha uso, kuficha machozi, kuficha maneno ya daktari, na sikukumbuka kuficha hilo.

"Ni moyo?" akaniuliza.

"Ni moyo."

"Amesema mpaka lini?"

"Amesema tuhesabu miezi."

Alishika gia, akaiingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akairudisha katikati. Injini ilikuwa imezimwa. Nje dada yake alikuwa akitutazama kupitia kioo akiwa na kikombe cha uji mkononi, na sikujua uso wangu ulikuwa ukionyesha nini.

"Sasa sikiliza," akasema. "Ulitaka kuuza mashine yako ununue gari zuri, ili mimi nisijue. Halafu mimi niende, wewe ubaki na gari zuri na huna kazi. Nani alikufundisha hesabu?"

"Niliacha shule kidato cha pili."

"Inaonekana."

Tukacheka. Tulicheka wote wawili, na katikati ya kicheko hicho mimi nikalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya dirishani. Aliniacha nilie. Kisha akapiga usukani kwa kiganja chake chenye kidonda.

"Hili litafika Krismasi," akasema. "Hilo ndilo tunalotaka. Na makaratasi hatuyahitaji. Wewe kaa hapa upanguse uso, bei niachie mimi."

Alitoka akaenda kuzungumza na Mama kwenye ngazi ya mlango. Sikusikia yote. Nilisikia akimweleza kuhusu gia ya pili bila kulitukana gari, na nilimsikia Mama akieleza jinsi mumewe alivyolipenda. Walikubaliana laki moja na thelathini na tano. Tisini sasa, na salio elfu tano kila mwisho wa mwezi. Mama aliuliza nani atamhakikishia. Mdogo wangu akampa mkono. "Nitakuletea mimi mwenyewe, Mama," akasema, nami nikatoka garini nikasimama nyuma yake.

Dada yetu tulimwambia jioni hiyo hiyo. Hakulia. Aliniuliza nilikuwa nimejua kwa muda gani, nikamjibu wiki tatu. Akasema, "Na mimi ni nani katika nyumba hii?" Akachukua sufuria akaenda kuosha vyombo nje gizani, na kwa siku nyingi hakuniongelesha isipokuwa kwa jambo la lazima. Alikuwa na haki. Mpaka leo sijajua kumwomba msamaha vizuri kwa zile wiki tatu nilizomnyima.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua ndefu zikianza kupungua. Leseni nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeichukua zamani nikitumaini kazi ya basi la shule moja, kazi ambayo alipewa mtu mwingine, na sikuwa nimeshika usukani tangu siku ya mtihani. Kwa hiyo tulipanga: kwenda ataendesha yeye, kurudi nitaendesha mimi. Kwenda yeye alikuwa dereva wa ajabu. Aliipitisha ile gia ya pili kana kwamba haina kasoro. Kurudi mimi nilikuwa nikikwama kila mzunguko, magari yakipiga honi nyuma yetu, na yeye amelaza kiti, amefunga macho, akiniambia pole pole, "Ishike, Mathe. Usiiachilie mpaka ikubali." Nilipokuwa nikiiachilia mapema, aliweka mkono wake juu ya wangu, tukaishika pamoja. Mkono wake ulikuwa umevimba, baridi, na mishipa inayochomwa sindano za mashine ilitetema chini ya ngozi.

Bima tulikuwa tukilipa ya mwezi mmoja mmoja. Siku ya kwanza ajenti alituuliza kama tunataka stika ya mwaka, kwamba ya mwaka ina nafuu. Mdogo wangu akajibu, "Ya mwezi. Sisi ni watu wa mwezi." Kila tuliporudi yule ajenti alikuwa akimtania kwamba haliamini gari lake. "Gari naliamini sana," alikuwa akimjibu.

Mwisho wa mwezi wa sita tulienda Elgon View kwa malipo ya kwanza. Mdogo wangu alimpa Mama elfu tano mkononi, naye akatukaribisha uji. Aliulizia gari kama mtu anayeulizia mtoto aliyeozwa. Mwezi wa saba, wa nane na wa tisa tulienda tena. Mwezi wa tisa hakuweza kushuka garini. Mama alikuja yeye mpaka dirishani, akapokea, akamshika shavu, akaniuliza kwa macho. Nami, baada ya yote yaliyotokea, nikatazama pembeni.

Kuanzia mwezi wa nane nilikuwa nikiendesha kwenda na kurudi. Alilala kiti cha nyuma kwa sababu hakuweza kukaa wima, akiwa amelalia mito ya kijani ya marehemu. Kwa sauti ya injini tu alinijulisha oili imepungua. Hakukosea hata mara moja.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi ilinyesha tangu alfajiri. Gari liliwaka mara ya kwanza. Dada yetu alikuwa ameomba ruhusa kazini, akamfunika blanketi, akaketi nyuma akiwa amempakata kichwa. Mdogo wetu alitueleza ndoto aliyoota, kwamba alikuwa gereji na fundi amempa kazi ya kupaka gari rangi, na rangi haikauki. Walimlaza kwenye mashine saa tatu. Saa tano kasorobo muuguzi alikuja kutuita, akiwa anatembea haraka lakini hakimbii, na nikajua.

Tulienda watatu, tukarudi wawili. Dada yangu alikaa mbele, blanketi likiwa mapajani mwake. Niliingiza gia ya pili pale getini pa hospitali nikaishikilia mpaka Kimumu, injini ikilia njia nzima. Kulikuwa na ya tatu na ya nne. Sikuzitumia. Dada yangu hakuniuliza. Tulipofika alizunguka upande wangu, akanifungulia mlango, akanitoa vidole kwenye gia kimoja kimoja.

Alizikwa kwa babu, upande wa magharibi, kando ya baba na mama. Gari halikwenda. Fundi alinikataza, akasema halitapita mlima, na mimi nikatii. Stika ya bima ilikuwa bado na siku kumi na moja.

Sasa liko nyumbani kando ya ukuta. Fundi aliniambia naweza kuliuza vipande vipande, kwa sababu zima haliuziki bila karatasi. Nikamwambia angoje kwanza. Dada yangu analiwasha kila Jumamosi. Sikumwomba. Hufanya hivyo kabla ya kunywa chai, huliacha likinguruma dakika kumi, kisha hulizima na kuingia ndani.

Miezi mitatu sikwenda Elgon View. Gharama za mazishi zilikula kila kitu, na sweta za shule hazitafutwi mwisho wa mwaka. Nilienda Januari, mauzo yaliporudi, nikaenda kwa miguu kutoka stendi. Mama alifungua geti akatazama nyuma yangu barabarani.

"Nilidhani mmenitoroka," akasema. "Kijana yuko wapi?"

Safari hii sikutazama pembeni. Nikamwambia. Akaketi kwenye ngazi ileile waliyopatania bei, akasema niketi naye. Nilipotoa elfu tano alinisukuma mkono. Alisema salio amelisamehe, niende nazo, ninunue uzi.

"Alikupa mkono, Mama," nikasema.

"Alinipa yeye. Si wewe."

"Mimi ndiye niliyemlea."

 Halafu akazipokea, akazikunja mara mbili, akaziingiza kwenye mfuko wa sweta yake ya ndani. Aliniletea uji, nikaunywa wote.

Zimebaki elfu ishirini.